Mwongozo Kamili: Kutumia Umeme Kuzuia Utando wa Kuchuja Maji Usizibe

Mwongozo huu ni wa wanaoendesha mitambo midogo ya maji katika shule, vituo vya afya na mialo iliyo kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Entebbe na visiwa vya Ssese hadi Jinja na Mayuge. Wengi wao tayari wamefunga seli ya umeme, yaani sanduku la mabamba ya chuma yanayopitisha umeme majini, mbele ya utando wa kuchujia wenye vitundu vidogo sana, lakini malalamiko hayajabadilika: wiki mbili au tatu za kwanza mambo huenda vizuri, kisha presha hupanda, maji hupungua, na utando huonekana umefunikwa na ute uleule wa kijani na kahawia uliokuwapo kabla ya umeme.

Mitambo iliyoshindwa huwa na makosa yanayofanana. Mwendeshaji amepandisha volti bila kuhesabu ampea zinazohitajika kwa kila lita. Maji yameingizwa kwenye utando mara tu yalipotoka kwenye seli, kabla madonge hayajakua. Tena hakuna kumbukumbu ya presha ya awali, kwa hiyo hakuna anayejua kama umeme umesaidia au la. Hatua zifuatazo zimepangwa ili kuziba mianya hiyo, na zinapaswa kufuatwa kwa mpangilio wake.

Ni lazima jambo moja lieleweke mapema: katika mpango huu umeme hausafishi utando, bali huyaandaa maji. Udongo mfinyanzi, mwani na mabaki ya mimea iliyooza hubeba chaji hasi, na kwa sababu hiyo chembe zake husukumana na kubaki zikielea. Alumini inayoyeyuka kutoka kwenye bamba chanya hugeuka haidroksidi ya alumini, ambayo huondoa msukumano huo na kuzikusanya chembe kuwa madonge. Donge kubwa hubaki juu ya utando kama tabaka lenye nafasi, na huoshwa kwa urahisi. Chembe iliyobaki peke yake huingia ndani ya kitundu, na kuitoa humo huhitaji kemikali.

Zipo pia tando ambazo zenyewe hupitisha umeme na kusukuma uchafu mbali nazo. Kwa kituo cha ukubwa tunaouzungumzia sizipendekezi, kwa kuwa ni vigumu kuzipata na vipuri vyake ni vigumu zaidi.

## Vifaa unavyohitaji

Hesabu zote zilizomo humu ni za mtambo wa lita 500 kwa saa. Ikiwa wako ni mkubwa au mdogo, zidisha au gawanya kwa uwiano huo.

- Mabamba 11 ya alumini yenye usafi wa asilimia 99 au zaidi, unene wa milimita 3. Sehemu itakayozama iwe sentimita 30 kwa 25, na juu yake ibaki shingo ya kufungia waya.
- Sanduku la plastiki ngumu la kubebea mabamba, lenye tundu la kuingizia maji chini na la kutolea juu.
- Chanzo cha umeme wa DC (mkondo wa upande mmoja, kama wa betri) kinachoweza kudhibiti ampea, cha volti 0 hadi 30 na ampea 10 au zaidi.
- Rilei ya kugeuza chanya na hasi, pamoja na saa yake, fyuzi ya ampea 15 na swichi ya kuzima haraka.
- Pipa la lita 250 la kukuzia madonge, na tangi pana la lita 1,000 la kutuamishia.
- Geji mbili za presha, moja kabla ya utando na nyingine baada yake, na mita ya mtiririko.
- Kipima pH, kipima upitishaji umeme wa maji, kipima tope kinachosoma NTU (kizio cha ukungu wa maji), na multimita.
- Mitungi mitano ya kioo ya lita moja, mabamba mawili madogo ya alumini, bomba la sindano la mililita 60 na vichujio vyake vya maikromita 0.45.
- Asidi ya sitriki, glovu na miwani ya kinga.

Kuhusu mabamba, nina onyo ambalo halina mjadala. Mafundi wa Katwe, Kampala, watakukatia bamba vizuri na kukutobolea matundu sawasawa, lakini lete karatasi ya alumini iliyotoka kiwandani, na usikubali bamba lililoyeyushwa kutokana na chakavu. Chakavu cha injini na rejeta huweza kuwa na risasi, na katika seli hii bamba huyeyuka ndani ya maji ambayo watoto watayakunywa. Chochote kilichomo ndani ya bamba kitaishia kikombeni.

Wengine huuliza kama chuma kinaweza kutumika badala ya alumini, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Kinaweza, ila kwa utando kina hatari yake. Chuma hutoka kwenye bamba kikiwa bado kinayeyuka katika maji, na kisipopata oksijeni ya kutosha na muda wa kutosha, hupita hadi ndani ya vitundu na kugeuka kutu humo humo. Kwa maji ya visima yenye asidi, ambayo katika wilaya nyingi za Uganda yamekuwa yakila mabomba ya mabati, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Anza na alumini.

## Hatua ya 1: Pima hali ya utando kabla ya kuwasha umeme

Osha utando kwa kemikali jinsi mtengenezaji alivyoelekeza, kisha uendeshe kwa siku tatu bila umeme. Kila siku, kwa saa ileile, andika presha kabla ya utando, presha baada yake, mtiririko na joto la maji. Soma kabla ya kuosha kinyume, yaani kuurudisha maji safi nyuma kupitia utando, na usome tena baada ya kuosha.

Gawanya mtiririko kwa eneo la utando, kisha ugawanye kwa tofauti ya presha; jibu ndilo upenyaji. Kwa mfano, lita 500 kwa saa kupitia utando wa mita za mraba 10 ni lita 50 kwa kila mita ya mraba kwa saa. Ikiwa tofauti ya presha ni baa 0.25, upenyaji ni 200. Tofauti hiyo ikifika baa 0.5 kwa mtiririko uleule, upenyaji umeshuka hadi 100, yaani nusu ya uwezo wa utando imepotea hata kama bomba bado linatoa maji yaleyale.

Usomaji wa kabla na baada ya kuosha hutenganisha magonjwa mawili. Upenyaji ukirudi karibu na ulivyokuwa, uchafu uko juu ya utando. Ukishindwa kurudi, uchafu umeingia ndani. Umeme utakaouongeza unalenga hasa hali hii ya pili, na bila namba hizi hutaweza kuiona.

Joto la maji ya ziwa huku kwetu halibadiliki sana mwaka mzima, hivyo marekebisho ni madogo: nyuzi moja ya joto hubadilisha upenyaji kwa takriban asilimia 2.

Umefanikiwa ikiwa una ukurasa wenye mistari ya siku tatu na unaweza kutaja upenyaji wa kuanzia na kiasi unachoshuka kwa siku.

## Hatua ya 2: Yajue maji yako

Pima pH, NTU na upitishaji umeme asubuhi na alasiri. Usitosheke na kipimo kimoja.

Maji ya Ziwa Victoria hupitisha umeme kidogo, kwa kawaida karibu maikrosimensi 100 kwa sentimita. Namba hiyo ndiyo inayoamua umbali kati ya mabamba na volti utakazohitaji. Maji ya kisima yanaweza kuwa mara tano ya hapo au zaidi, na seli iliyopangwa kwa ajili ya ziwa itavuta mkondo mkubwa kupita kiasi ikipewa maji hayo kwa volti zilezile.

pH ndiyo huwaponyoka wengi. Mwani unapopata jua hutumia kaboni dioksidi iliyo ndani ya maji, na alasiri, katika ghuba zilizotulia kama ya Murchison karibu na Kampala, pH inaweza kupanda hadi kuvuka 9. Alumini hushikana vizuri kati ya pH 6 na 7.5. pH ikivuka 8.5, sehemu kubwa ya alumini hubaki imeyeyuka, hupita utando bila kuzuiwa, kisha huganda ndani ya tangi la maji safi. Wanaoona ukungu mweupe katika maji yaliyokwisha kuchujwa mara nyingi wamekutana na jambo hili, nao hudhani utando umepasuka.

Dawa yake ya kwanza haina gharama: pampu maji alfajiri, kabla jua halijafanya kazi, na weka mdomo wa bomba mita moja na nusu hadi mbili chini ya uso wa maji, mahali ambapo upepo hausukumi tabaka la mwani. Ikiwa hata alfajiri pH inazidi 8, utahitaji kuongeza asidi kidogo kabla ya seli hadi pH irudi kati ya 6 na 7.5.

Onyo. Uso wa maji unapofanana na rangi ya kijani iliyomwagwa, acha kuchota kabisa. Baadhi ya mwani huo hubeba sumu iitwayo mikrosistini, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha maikrogramu 1 kwa lita katika maji ya kunywa ya kila siku. Sumu iliyokwisha kuyeyuka hupita kwenye utando, na kuchemsha maji hakuiondoi. Kwa sababu hiyohiyo usitie klorini kabla ya seli: klorini hupasua chembe za mwani na kumwaga kilichomo. Lengo ni kuutoa mwani ukiwa mzima.

Umefanikiwa ikiwa unajua saa ya siku ambayo maji yako yana pH ya chini zaidi, na umepanga pampu ifanye kazi saa hiyo.

## Hatua ya 3: Jaribio la mitungi

Hatua hii hurukwa kuliko zote, nayo ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. Jaza mitungi mitano kwa maji yaliyochotwa pamoja. Mmoja utabaki bila umeme. Katika kila mmoja wa ile minne, tumbukiza mabamba mawili madogo ambayo sehemu iliyozama ni sentimita 10 kwa 10, yakiwa yametenganishwa kwa milimita 6, na upitishe ampea 0.1 huku ukikoroga.

Ampea moja ikipita kwa saa moja huyeyusha gramu 0.336 za alumini. Kwa hiyo, kwa ampea 0.1 katika lita moja, dakika 3 hutoa takriban miligramu 1.7, dakika 6 hutoa 3.4, dakika 9 hutoa 5, na dakika 18 hutoa 10. Utaona volti zikisimama kati ya 7 na 9 kwa maji ya ziwa. Zikizidi sana hapo, mabamba yana tabaka la oksidi. Yasugue kwa msasa na uanze upya.

Baada ya umeme, koroga polepole kwa dakika 15, kisha acha mitungi itulie kwa nusu saa. Itazame kwa makini kwenye mwanga. Katika mtungi wenye kipimo kidogo, maji hubaki na ukungu ambao hauna umbo. Kipimo kinapotosha, vipande vyeupe vyenye madoa ya kijani huonekana waziwazi na kati yake maji huwa angavu. Vingine huzama, vingine hupanda juu vikibebwa na viputo vya haidrojeni. Kupanda huko si kasoro. Mwani ni mwepesi, na katika tangi utahitaji kuuondoa juu na chini.

Sasa vuta mililita 50 kutoka katikati ya kila mtungi kwa bomba la sindano, funga kichujio kipya cha maikromita 0.45, simamisha bomba wima, weka uzito uleule juu ya kisukumio kwa kila mtungi, na pima sekunde zinazopita hadi maji yaishe. Kipimo hiki kina thamani kuliko NTU. Maji yanaweza kuonekana angavu kabisa na bado yakawa na ute wa mwani usioonekana, ambao ndio huziba utando, na kichujio kitakuonyesha hilo kwa kuchelewa. Kifungue baadaye: ute huacha alama ya kahawia inayoteleza, ilhali madonge mazuri huacha unga mweupe unaofutika kwa kidole.

Chagua kipimo kidogo kabisa ambacho kukizidisha hakupunguzi tena sekunde. Usiongeze "kwa usalama". Alumini iliyozidi hugeuza chaji ya chembe kutoka hasi kwenda chanya, zikaanza kusukumana upya, na inayobaki huingia kwenye maji ya kunywa, ambako haipaswi kuzidi miligramu 0.2 kwa lita.

Umefanikiwa ikiwa una namba moja ya miligramu kwa lita na unaweza kuonyesha mtungi ulioithibitisha. Rudia jaribio hili mvua zinapoanza na zinapokoma, maana maji ya Machi na Aprili yenye udongo si yale ya Julai.

## Hatua ya 4: Geuza kipimo kuwa ampea

Gawanya miligramu kwa lita kwa 0.336, nawe utapata ampea-saa kwa kila lita 1,000. Tuseme jaribio limekupa miligramu 5: hiyo ni ampea-saa 14.9 kwa lita 1,000. Mtambo wa lita 500 kwa saa utahitaji nusu yake, yaani takriban ampea 7.5.

Eneo la mabamba linafuata hapo. Kwa maji ya ziwa, ampea 10 kwa kila mita ya mraba ni kiwango cha upole ambacho hakichemshi seli wala kuharibu mwani. Ampea 7.5 zinahitaji basi mita za mraba 0.75. Bamba la sentimita 30 kwa 25 lina 0.075 kila upande, hivyo nafasi 10 kati ya mabamba 11 zinatosha.

Volti hupatikana mwishoni kabisa. Kwa umbali wa milimita 6 na maikrosimensi 100, maji yenyewe hula volti 6, na nyuso za mabamba huongeza takriban 2. Jumla ni volti 8, sawa na wati 60, au uniti 0.12 kwa lita 1,000. Betri moja na paneli ya sola vinaubeba mzigo huo kwa urahisi.

Mtu anayepandisha chanzo hadi volti 24 kwa kudhani nguvu zaidi ni usafi zaidi hupeleka karibu ampea 27 katika seli hiyohiyo. Kipimo kinaruka hadi kama miligramu 18 kwa lita, karibu mara nne ya kilichohitajika. Utando unaoziba baada ya hapo umezibwa na alumini ya mwendeshaji mwenyewe, na kila anapoongeza volti ndipo unapozidi kuziba.

Kwa hiyo weka chanzo katika hali ya kushikilia ampea na uziache volti zijipange zenyewe. Mvua ikibadilisha upitishaji wa maji, kipimo hakitabadilika.

## Hatua ya 5: Tengeneza seli

Panga mabamba wima, yakitenganishwa na vipande vya plastiki vya milimita 6 kwenye pembe zote. Unganisha bamba la 1, 3, 5, 7, 9 na 11 upande mmoja, na la 2, 4, 6, 8 na 10 upande mwingine. Maji yaingie chini na kutoka juu, ili viputo vipande pamoja nayo. Ukigeuza mpangilio huo, gesi hukaa kati ya mabamba na kufunika sehemu ya eneo ulilolihesabu.

Viungo vya waya viwe juu ya usawa wa maji, kwa boliti za alumini au chuma kisichoshika kutu. Shaba ikigusana na alumini mahali penye unyevu hula alumini hiyo kwa kasi, na kiungo hulegea bila mtu kuona.

Seli hutoa haidrojeni, takriban lita 3.4 kwa saa kwa ampea 7.5. Ni kiasi kidogo kikiwa hewani, lakini gesi hii huweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Usiweke kifuniko kinachobana, usiweke seli katika stoo isiyo na dirisha, na usiruhusu sigara wala jiko la mkaa karibu nayo.

Umefanikiwa ikiwa multimita inaonyesha hakuna mgusano kati ya makundi mawili ya mabamba seli ikiwa kavu, na maji yanapita kwenye nafasi zote kumi.

## Hatua ya 6: Unganisha umeme kwa usalama

Kamwe usitengeneze DC kwa kunyoosha moja kwa moja umeme wa ukutani wa volti 240 bila transfoma. Maji yaliyo ndani ya seli yanaungana na bomba, na bomba linaungana na mkono wa mtu. Tumia betri, au chanzo kilichotenganishwa kikamilifu na umeme wa ukutani.

Rilei igeuze chanya na hasi kila baada ya dakika 15 hadi 20, ikipumzika kwa nusu dakika kabla ya kugeuza. Bamba likikaa upande mmoja muda wote, anodi (bamba chanya) hufunikwa na oksidi na kathodi (bamba hasi) hupata ganda la chokaa. Volti hupanda, umeme hupotea, na mabamba huisha upande mmoja tu.

Funga umeme wa seli na wa pampu ya maji ghafi kwenye kontakta moja, yaani swichi inayowashwa na kuzimwa kwa umeme. Pampu ikizimika na seli ikaendelea, maji yaliyosimama hujaa alumini na gesi. Seli ikizimika na pampu ikaendelea, maji machafu hufika kwenye utando bila maandalizi, na saa moja ya namna hiyo inaweza kufuta kazi ya wiki nzima. Panapokatika umeme mara kwa mara, kifungo hiki kimoja kina thamani kuliko kifaa kingine chochote katika orodha.

Umefanikiwa ikiwa ukizima kimoja, kingine kinazima papo hapo. Jaribu mara kadhaa kabla ya kuingiza maji.

## Hatua ya 7: Yape madonge muda

Maji yatokayo kwenye seli hukaa humo nusu dakika tu. Wakati huo alumini bado inaganda, na madonge ni madogo kiasi cha kuingia kwenye vitundu. Yapeleke kwanza kwenye pipa la lita 250, ambamo yatakaa nusu saa yakizungushwa polepole na pangaboi pana au kwa kuingia kwa mshazari. Viputo pia hupata nafasi ya kutoka. Vikifika kwenye nyuzi za utando, hukaa humo na kuzuia maji kupita.

Kutoka pipani, maji yashuke yenyewe hadi kwenye tangi la lita 1,000. Usiweke pampu hapo katikati, kwa kuwa mapanga yake huvunja madonge, na yaliyovunjika hayarudi kuwa kama mwanzo. Tangi liwe pana badala ya refu. Weka bomba la kutolea maji safi katikati ya kina, koki ya tope chini kabisa, na mdomo wa kumwagia povu juu.

Umefanikiwa ikiwa ukichota glasi kutoka tangini huoni madonge makubwa, na jaribio la sindano linakaribiana na la mtungi wako bora.

## Hatua ya 8: Washa na ufuatilie

Osha utando kwa kemikali kwanza, ili uanze na namba uliyoipata katika hatua ya 1. Washa seli na uelekeze maji ya saa mbili za kwanza nje. Pima pH na NTU tangini, na yakikubaliana na jaribio, fungua njia ya utando.

Endelea kuosha kinyume kila dakika 30 hadi 60. Umeme hauondoi uoshaji, ila huufanya uwe na faida. Andika namba zilezile kila siku kwa saa ileile, ukiongeza ampea na volti.

Mafanikio huonekana hivi: presha inaweza kupanda kati ya uoshaji mmoja na mwingine, wakati mwingine hata kidogo zaidi ya zamani, kwa sababu tabaka la madonge ni nene. Baada ya kuosha lakini, upenyaji hurudi pale ulipoanzia, siku baada ya siku. Anayetazama presha kabla ya kuosha peke yake anaweza kuzima mfumo unaofanya kazi vizuri.

Pima alumini katika maji yaliyochujwa wiki ya kwanza na kila unapobadilisha kipimo, kwa kifaa cha rangi au katika maabara ya maji. Kisha tia klorini ili ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita hadi kwenye jerikeni la mtumiaji. Utando huzuia bakteria, lakini haulindi maji yakishatoka.

## Hatua ya 9: Tunza mabamba na tope

Kwa saa 10 za kazi kwa siku, utayeyusha takriban gramu 25 za alumini. Mabamba yote kwa pamoja yana uzito wa karibu kilo 6.7, hivyo yatafika nusu ya uzito baada ya miezi minne, na mara nyingi mapema zaidi, kwa sababu hata kathodi huyeyuka kidogo kutokana na maji ya karibu yake kuwa na pH ya juu. Yabadilishe yote kwa mara moja. Ukichanganya mapya na ya zamani, umbali hautakuwa sawa na mkondo utajilimbikiza kwenye mabamba mapya.

Volti zikipanda kwa robo kwa ampea zilezile, zima, toa mabamba na uyaloweke katika asidi ya sitriki ya asilimia 2 kwa nusu saa.

Onyo. Asidi hiyo isikutane kamwe na dawa ya klorini unayooshea utando. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nayo huua. Viweke katika ndoo zenye rangi tofauti, na suuza mabomba kwa maji mengi kati ya dawa moja na nyingine.

Tope litolewe kila siku na likaushwe kwenye kitanda cha mchanga. Usilirudishe ziwani. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zimetenga ukanda wa hifadhi wa mita 200 kuzunguka ziwa kama Victoria, kwa hiyo kitanda kiwe nje ya ukanda huo, na hasa mbali na mdomo wa bomba lako mwenyewe.

## Ikiwa bado unaziba

Upenyaji hushuka polepole na haurudi baada ya kuosha: kipimo ni kidogo au pH ni kubwa. Rudia jaribio la mitungi kwa maji ya leo, si kwa kumbukumbu ya mwezi uliopita.

Upenyaji hushuka ghafla ndani ya siku moja: angalia kwanza kama rilei au fyuzi imekatika na pampu ikaendelea peke yake.

Ganda jeupe gumu kwenye utando ambalo klorini hailigusi ni alumini au chokaa. Osha kwa asidi ya sitriki, kisha punguza ampea kidogo kidogo huku ukipima sekunde za sindano.

Ute unaoteleza ambao hauishi, ilhali kipimo na pH viko sawa, hutokana mara nyingi na viumbe vinavyokua ndani ya tangi lenyewe. Likaushe, lisugue, lifunike lisipate jua, na uhakikishe kwamba maji hayalali ndani yake usiku kucha.